Mashine ikimkata mteja
Vinyozi wenzangu, mashine ikimkata mteja kisogoni, izime kwanza, mwambie ukweli na umwombe radhi. Vaa glavu, bonyeza kidonda kwa pamba safi dakika 5 bila kuchungulia. Ukiinua kila mara, damu haigandi. Jiwe la shabu, lile la kuzuia damu, lililopita kwenye mashavu ya wengine usimguse nalo, hata akiliomba.

Kosa kubwa huja baadaye, hasa hapa Nairobi Jumamosi jioni benchi likiwa limejaa: mashine inapanguswa tu na kupitishwa kwenye kichwa cha mteja mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi hata siku 7 kwenye damu iliyokauka! Fungua meno ya mashine, yasugue kwa brashi na sabuni, yakaushe, ndipo uyaloweke kwenye spiriti dakika 10.