Kulikagua gari jipya kwenye maonyesho ya Tokyo kwa macho ya barabara zetu

Magari mengi yanayopita Nairobi, Arusha na Kampala yalianza safari yao Japan. Maonyesho makubwa ya magari ya Tokyo hufanyika kila baada ya miaka miwili katika ukumbi wa Tokyo Big Sight, na tangu 2023 yanaitwa Japan Mobility Show. Hapo huonekana mapema baadhi ya magari yatakayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam miaka sita au saba baadaye. Kwa hiyo anayeyatembelea, au anayeyatazama kwa video, akague kama mtu atakayekuwa mmiliki wa pili wa gari hilo. Rangi na taa za ukumbini zitavutia zenyewe. Yanayomhusu mmiliki wa pili yako chini ya gari, chini ya zulia la buti na kwenye ubavu wa tairi.

Beba futi laini ya fundi cherehani, tochi ndogo na daftari. Tepu ya chuma inaweza kukwaruza rangi, na wahudumu watakuzuia mara tu wakiiona. Nenda siku ya kazi, milango inapofunguliwa. Mchana foleni ya kuketi kwenye gari moja hukula muda wote wa kulikagua.

Kwanza jua ni gari la aina gani

Kuna gari la dhana lililotengenezwa kuonyesha wazo tu, kuna la majaribio lililokaribia kukamilika, na kuna linalouzwa tayari. La dhana hujitambulisha: halina mahali pa kufungia namba, halina wipa, vioo vya pembeni ni kamera nyembamba, mara nyingi milango imefungwa na madirisha ni meusi. Tokyo, kibao chenye herufi 参考出品 kinamaanisha gari hilo limeletwa kuonyeshwa tu, haliuzwi.

Hilo halimaanishi ulipuuze. Honda ilionyesha Prelude ya dhana mwaka 2023, na Septemba 2025 gari likaanza kuuzwa Japan. Pikapu ya Toyota iliyoitwa IMV 0 ilionekana Tokyo Oktoba 2023, na mwezi uliofuata ikazinduliwa Thailand kwa jina la Hilux Champ. Ila kwenye gari la dhana usiandike chochote kuhusu viti, rimu au ukubwa wa skrini, maana hivyo ndivyo hubadilika kwanza. Andika umbo la jumla, urefu wa milango na nafasi ya ndani. Usisifie pia jinsi bodi ilivyokaa vizuri kwenye maungio: gari la maonyesho hurekebishwa kwa mkono kabla ya kuletwa jukwaani.

Uvungu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Chuchumaa, washa tochi, tafuta sehemu iliyo chini kuliko zote. Mara nyingi siyo katikati ya gari. Ni mdomo wa plastiki chini ya bampa la mbele, bomba la moshi, au kingo za betri kwenye magari ya umeme. Pima kutoka hapo hadi sakafuni, ukihakikisha unapima kutoka sakafu ambayo tairi zimesimama, siyo kutoka chini ya jukwaa lililoinuliwa. Ukumbuke kwamba gari hilo halina abiria wala mizigo, na huenda tangi lake liko karibu tupu. Likibeba watu watano na mabegi litashuka kwa sentimita kadhaa. Kipimo cha sentimita 15 ukumbini si cha kutegemea kwenye matuta ya vijijini.

Kisha pima pua. Chukua umbali kutoka pale tairi la mbele linapogusa sakafu hadi ukingo wa chini wa bampa, halafu kimo cha ukingo huo. Kimo kikiwa sentimita 20 na umbali sentimita 60, pembe ni takriban nyuzi 18. Gari la hivyo litakwaruza kwenye tuta kali au kwenye mteremko wa kuingilia karakana. Gari refu lenye tumbo la chini lina tatizo lake: pua inapita, tairi za mbele zinashuka upande wa pili, kisha tuta linagonga katikati. Kwenye gari la umeme hapo katikati ndipo betri ilipo, na ndicho kifaa ghali kuliko vyote. Tazama kama kuna bamba la chuma la kuikinga au plastiki tu.

Tairi

Soma ubavu. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokupa kimo cha ubavu, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Prius iliyozinduliwa mwishoni mwa 2022 ni mfano mzuri. Gredi za juu zina 195/50R19, yaani ubavu wa milimita 97. Gredi za chini zina 195/60R17, ubavu wa milimita 117. Tofauti hiyo ya sentimita mbili ndiyo inayoamua kama shimo litapinda rimu au tairi litalimeza tu. Tena, 195/50R19 si saizi utakayoikuta kwenye kila duka la tairi. Gari linalowekwa jukwaani karibu siku zote ni la gredi ya juu, kwa hiyo uliza gredi za chini zinatumia saizi gani na uandike zote mbili.

Buti na kiti cha nyuma

Inua zulia la buti. Utakuta tairi la akiba, au pampu ndogo na chupa ya gundi ya kuzibia pancha. Gundi hiyo ina tarehe ya kuisha muda, na haisaidii ubavu ukichanika. Kama kuna pampu tu, pima shimo: je, tairi kamili lingeingia? Kwenye magari mengine nafasi hiyo imejazwa betri au tangi, na hakuna namna.

Haibridi nyingi za Toyota, yaani magari yanayotumia petroli na betri kwa pamoja, huvuta hewa ya kupozea betri kutoka ndani ya gari, kupitia matundu yaliyo chini au pembeni ya kiti cha nyuma. Tafuta matundu hayo, uone kama kichujio chake kinatoka kwa mkono au kinahitaji kung'oa kiti. Vumbi letu hukiziba upesi. Dalili huanza na feni inayovuma nyuma, nguvu hupungua kwenye milima, kisha taa ya onyo huwaka, na mara nyingi mwenye gari huambiwa betri imekufa kumbe kichujio kimejaa uchafu. Kava la kiti linalofunika matundu huleta hasara ileile.

Kuketi kuna utaratibu wake. Rekebisha kiti cha dereva mpaka ukikanyaga breki hadi mwisho goti libaki limekunjika kidogo, kisha nenda ukae nyuma ya kiti hichohicho. Ngumi moja ipite kati ya goti na kiti cha mbele. Kwenye magari ya umeme ingiza kiganja chini ya paja karibu na goti. Kikipita bila kugusa kiti, sakafu imeinuliwa na betri na magoti yako juu mno. Kwa safari ya Dar hadi Dodoma, kiuno kitalalamika.

Boneti, redio na chaji

Omba boneti ifunguliwe. Angalia kama filta ya mafuta na plagi zinafikika, na mdomo wa kuvutia hewa uko juu kiasi gani. Ukiwa chini nyuma ya bampa, mafuriko ya mtaani yanatosha kuua injini. Kwa dizeli uliza habari ya kichujio cha masizi kilicho kwenye njia ya moshi, maana kinahitaji mafuta yenye salfa kidogo. Kiwango cha Japan ni salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, cha Afrika Mashariki kimekuwa 50.

Redio za Japan hushika FM kuanzia 76 hadi 95, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, hadi 108. Zamani uling'oa redio ukaweka nyingine. Sasa skrini imeunganishwa na kiyoyozi na kamera, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uone kama kuna lugha nyingine zaidi ya Kijapani. Kwa gari la umeme, piga picha ya tundu la chaji. Japan hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka, Ulaya CCS2, China GB/T, na waya wa moja hauingii kwenye nyingine. Umbali wa chaji moja unaotajwa kwa kipimo cha CLTC cha China huwa mkubwa kuliko ule wa WLTP, kipimo kinachotumika Ulaya, kwa gari lilelile, kwa hiyo usiulinganishe kabla ya kujua kipimo.

Maswali ya ufundi usimwulize anayegawa vipeperushi. Omba mhandisi, uliza kitu kimoja kwa wakati. Ulaini wa safari, kelele na unywaji wa mafuta havipimiki kwa gari lililosimama kwenye zulia, hivyo viache nje ya maelezo yako.

Jioni hiyohiyo panga maandishi kwa mafungu matatu: ulichopima, ulichoona, na ulichoambiwa. Kila gari liwe na jina la gredi, saizi ya tairi na picha ya kibandiko cha upepo wa tairi kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kilopaskali 230 ni takriban psi 33. Ongeza mwaka wa mwisho wa kuingizwa nchini. Kwa kanuni ya Kenya inayozuia kuingiza gari lililozidi miaka minane, mwaka 2026 linaingia gari lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019, basi la 2026 litaingia hadi mwisho wa 2033.