Kuchavusha kwa mkono mti wa yavuyavu wa Mahé

Mti huu, Medusagyne oppositifolia, huota porini kwenye majabali ya kisiwa cha Mahé, Shelisheli, na si kwingineko. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2011 ulihesabu miti 90 katika makundi manne: 78 katika kundi moja, na makundi mengine matatu hayakuwa yakifanikiwa kuzalisha miche. Chavua (unga wa kiume wa ua) na mbegu mara nyingi hazivuki mita 100, hivyo kwenye makundi madogo ndugu huzaa na ndugu. Chavua ya kundi kubwa ilipopelekwa kwenye kundi dogo, uzazi ulikuwa bora. Kazi yenyewe hufanywa hivi, kibali kikishapatikana.

Kabla ya msimu wa maua, funga kila mti lebo ya alumini yenye namba, kwa waya uliolegea. Msumari usiupigilie. Chukua majani machache, uyakaushe kwa silika jeli (punje za kufyonza unyevu) mara kumi ya uzito wake, maabara ipate kukuambia nani ni ndugu wa nani. Majibu yakichelewa, tumia miti-baba (inayotoa chavua) mitano au zaidi, iliyoachana kadiri eneo linavyoruhusu.

Kishada kimoja kina maua ya kiume na yenye jinsi zote mbili, kwa hiyo tafuta ua lenye ovari, sehemu ya kike inayokuwa tunda. Tumba likikaribia kufunguka, ng'oa stameni zote (vijiti vinavyotoa chavua) kwa kibano, kisha livishe mfuko wa kitambaa chembamba. Plastiki haifai: jabali likipata jua, ua hutokota humo ndani.

Chavua ikusanye asubuhi, kwenye bahasha ya karatasi, na uitumie siku hiyohiyo. Hapa ndipo wengi huharibu. Stigma za mti huu, yaani ncha zinazopokea chavua, hazikai pamoja kileleni. Zimeizunguka ovari begani kama pete, kila chumba na yake. Ukigusa upande mmoja tu, vyumba vingine vitabaki bila mbegu. Zungusha brashi pete nzima. Ukihamia baba mwingine, ifute kwa spiriti na uiache ikauke kabisa, maana spiriti huua chavua.

Funga uzi mwekundu kwa chavua ya kundi kubwa, bluu kwa chavua ya kundi hilohilo, mweupe kwa ua lisilochavushwa. Mweupe ukizaa mbegu, ama stameni zilichelewa kutolewa ama mfuko unavuja. Matokeo ya siku hiyo usiyaamini.

Tunda lirudishie mfuko kabla halijakomaa. Likikauka hupasuka kuanzia chini kama mwavuli, na mbegu zake ndogo zenye bawa huchukuliwa na upepo. Zisie mbichi, juu ya udongo bila kuzifukia, pawe na unyevu wakati wote. Mche hauvumilii ukame kama mzazi wake. Kila mama na trei yake.

Mama mmoja akitoa miche 200 na mwingine 6, usipande yote 206, la sivyo shamba zima litakuwa watoto wa mti mmoja. Tena, kila kundi lina jeni zake za pekee, kwa hiyo panda pia miche ya uzi wa bluu, hata ikiwa dhaifu.