Kusoma karata za taroti ili ujitazame: anza na nguo

Ukichomoa karata ya taroti, yaani moja ya zile karata za picha ambazo wengi huzitumia kutabiri, acha kitabu cha maana kifungwe kwanza. Iweke karata mezani, itazame dakika tatu hivi, useme kwa sauti unachokiona: nani yuko hapo, amevaa nini, miguu inaelekea wapi, mikono imeshika nini, nyuma yake kuna nini. Maana utaitafuta baadaye. Wengi hufanya kinyume: wanachomoa, wanakimbilia simu, wanasoma maneno mawili ya mtu asiyewajua, kisha wanahangaika kuyaingiza kwenye maisha yao kwa nguvu. Hapo hujajitazama. Umetazama simu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona hapa Leicester, Uingereza, na jicho langu huanzia kwenye nguo. Kwa hiyo njia nitakayokuonyesha ni ya fundi. Wewe kama ni muuguzi utaanzia kwenye nyuso, kama ni mvuvi utaanzia kwenye maji, na karata hizi zina maji mengi. La msingi ni kuanza na kilichochorwa.

Hili la imani tulizungumze mapema. Kwetu pwani ukitaja kusoma karata, mtu anasikia ramli, na ramli wengi wetu tumelelewa kuikaa mbali. Nawaheshimu wanaosema hivyo, na mimi karata siiulizi habari za kesho hata siku moja. Ni karatasi iliyochapwa picha. Haijui ya ghaibu, haijui mumeo yuko wapi, haijui kama viza itatoka. Ikiwa pamoja na hayo moyo wako unakataa, usilazimishe: chukua albamu ya picha za nyumbani au kalenda ya zamani yenye picha za watu, fuata hatua hizi hizi, na utapata faida ile ile.

Na historia yenyewe inatusaidia hapa. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, kwenye majumba ya watawala kama wale wa Milan, na zilikuwa za mchezo. Watu walicheza, wakashinda, wakashindwa, wakalala. Ni mwaka 1781, huko Paris, ambapo Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba ndani yake mna hekima ya siri ya Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao, lakini habari ilinoga, na muda si mrefu mwenzake aliyejiita Etteilla akaanza kuchapisha namna ya kuzitumia kutabiri. Mimi nimeliweka kando hilo la utabiri, na hakuna nilichopoteza.

Seti ya kununua, kama ndiyo kwanza unaanza, ni ile iliyotoka London mwaka 1909 kwa wachapishaji William Rider & Son. Maelezo yaliandikwa na Arthur Edward Waite. Picha zilichorwa na Pamela Colman Smith. Miaka mingi seti ilitajwa kwa jina la mchapishaji na la Waite, la Smith likaachwa, na yeye mwenyewe aliandika kwenye barua ya mwaka ule ule kwamba kazi ilikuwa kubwa na pesa kidogo sana. Hilo linaniuma, kwa sababu bila yeye hakuna cha kutazama. Katika seti nyingi za zamani, karata ya Vikombe vitano ni vikombe vitano tu vimepangwa. Smith aliweka watu karibu kwenye kila karata, na kila mtu ana jambo. Alikuwa amefanya kazi na watu wa jukwaa la Lyceum kule London, akichora mavazi na mandhari ya maigizo, na inaonekana: kila nguo aliyochora ina kazi. Angalia pembeni chini ya karata, utaona alama ya herufi zake zilizosokotana.

Seti nzima ina karata 78. Kuna 22 kubwa, zenye majina kama Mjinga, Mnara, Nyota na Kifo. Hizi nazichukulia kama vipindi vya maisha. Zinazobaki 56 ni makundi manne ya karata 14, na aliyezoea kucheza karata za kawaida hatapotea: kopa ni Vikombe, shupaza ni Panga, uru ni Sarafu, pau ni Fimbo. Vikombe ni mambo ya moyo na watu wako. Panga ni fikra, maneno, ugomvi wa kichwani. Sarafu ni mwili, kazi, kodi ya nyumba. Fimbo ni hamu na juhudi. Yatosha hayo kuanzia. Usikae kukariri maana 78.

Sasa swali, lile unalojiuliza kabla ya kuchomoa. Swali baya huharibu zoezi zima. "Atanirudia?" ni swali la mtu mwingine, na jibu analo huyo mtu. Ligeuze likuhusu wewe: "Katika kungoja huku, nakwepa nini?" "Nitapata ile kazi?" iwe "Ni sehemu gani ya ile kazi naiogopa?" Ukiona swali lako linajibika kwa ndiyo au hapana, liandike upya kabla hujazichanga karata. Kisha changa, kata, chomoa moja. Moja tu.

Nitakupa mfano wa kweli. Kuna binti wa Mombasa anayekuja kufupishiwa madera. Alikuwa na biashara ndogo ya kupika vyakula vya sherehe pamoja na mwenzake, wakagombana, mwenzake akaondoka na wateja. Alikuja dukani amenyong'onyea. Nilimwuliza kama angependa kujaribu, akakubali, akachomoa Vikombe vitano.

"Dada, hii ni mbaya," akasema. Alikwisha kuona vikombe vitatu vilivyomwagika.

"Mdogo wangu, achana na vikombe. Amevaa nini?"

"Joho jeusi. Refu."

"Mikono yake iko wapi?"

Aliitazama sana. "Haionekani. Joho limeifunika."

Nikamwambia nguo ya namna hiyo naijua: ni nzito, inaning'inia kutoka mabegani, na ukiivaa hufanyi kazi yoyote mpaka uifungue. Akanyamaza. Baadaye kidogo akaona mwenyewe kwamba nyuma ya yule mtu kuna vikombe viwili vimesimama, na mbele yake kuna mto, na mto una daraja, na ng'ambo kuna nyumba. Vyote vilikuwapo tangu mwanzo.

Kitabu kingemwambia: hasara, majuto, na kilichobaki. Si uongo. Lakini yeye hakuondoka na neno "hasara". Aliondoka na mikono. Aliandika kwenye karatasi: "Nimeificha mikono yangu." Halafu akaandika alichobaki nacho: sufuria kubwa, na mama mmoja wa harusi aliyekuwa amemtumia ujumbe naye hakumjibu. Hatua yake ikawa kumjibu yule mama siku ile ile.

Kazi nzima ndiyo hiyo. Kuona, kutaja, kisha kutafuta kitu kimoja kidogo cha kufanya. Karata isiyokupa cha kufanya hata kidogo, kama kupiga simu au kulala mapema au kuomba radhi, bado hujaimaliza.

Karata nyingine ninayoipenda kwa zoezi hili ni Panga nane. Mwanamke amesimama kwenye matope, amefungwa kitambaa machoni, kingine kimezungushwa mwilini juu ya mikono. Panga zimechomekwa ardhini nyuma yake na ubavuni. Mtazamaji wa haraka anaona mfungwa. Tazama tena: miguu haikufungwa, na mbele yake hakuna upanga hata mmoja. Jiulize ni nani aliyekuambia huwezi kutembea, na ulianza lini kumwamini.

Ila hapa nakuomba uangalifu. Kuna watu wamefungwa kweli. Mwanamke anayepigwa nyumbani, mfanyakazi aliyenyang'anywa pasipoti ughaibuni, hao usiwaonyeshe karata hii uwaambie kamba ziko kichwani mwao. Wanahitaji msaada wa watu: ndugu wa kuaminika, wakili, ubalozi, polisi, mahali salama pa kulala. Zoezi la kujitazama linafaa kwa vifungo tulivyojizungushia wenyewe.

Kifo nacho kinatisha watu bure. Ni kiunzi cha mifupa ndani ya deraya nyeusi, juu ya farasi mweupe. Mfalme amelala chini, taji limemtoka. Askofu amesimama na joho la dhahabu, vazi la gharama kuliko yote kwenye karata hiyo, naye anaomba. Msichana amepiga magoti, uso kaugeuza pembeni. Mtoto amepiga magoti pia, ila yeye anatazama. Mbali kule jua liko kati ya minara miwili. Sipendi kuuliza karata hii "ina maana gani". Nauliza: kati ya hawa wanne mbele ya jambo linaloisha, wewe ni yupi? Aliyekwisha anguka, anayebembeleza, asiyetaka kuona, au anayetazama? Nimewauliza watu wengi swali hilo na karibu wote walijua jibu papo hapo, hata kabla hawajasema ni jambo gani linaloisha. Kuchagua ni nani ndani ya picha ni mbinu inayofaa kwa karata yoyote yenye watu zaidi ya mmoja. Jaribu na Sarafu sita, yenye tajiri mwenye mizani na maskini wawili waliopiga magoti. Utajishangaa siku unapojikuta wewe ndiye mizani.

Kitabu kinafunguliwa lini? Baada ya kuandika yako. Na uking'amua maneno ya kitabu yamekugusa mno, kumbuka jaribio la mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani, mwaka 1948. Aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake. Yalikuwa maelezo yale yale kwa wote, mengi kayatoa kwenye kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Maana za jumla ni kama dera la saizi moja: linamkaa kila mtu, wala halikuambii lolote kuhusu mwili wako. Ndiyo sababu nashikilia maneno yako yatangulie. Neno ulilolitoa wewe ukiitazama mikono ya yule mtu ndilo lililokatwa kwa vipimo vyako.

Weka daftari. La kawaida la shule linatosha. Andika tarehe, swali, jina la karata, mistari mitatu ya ulichokiona, mstari mmoja wa kilichokuchoma, na hatua moja. Mwisho wa mwezi rudi usome mistari ya macho tu, ruka mengine. Utaona unarudia: huyu anaona maji kila mara, yule anaona milango, mwingine haoni kamwe watu walio nyuma. Marudio hayo yana thamani kuliko karata yoyote moja.

Karata ikitoka kichwa chini, igeuze. Wako wanaofundisha maana za karata zilizopinduka na sina ugomvi nao, ila kwa kujitazama zinaongeza kelele. Mipangilio ya karata kumi nayo iache. Ukitaka zaidi ya moja, chomoa tatu: ninachokiona, ninachokwepa kukiona, ninachoweza kufanya wiki hii. Na usichomoe tena kwa sababu ile ya kwanza hukuipenda. Kutoipenda ndiyo habari uliyoitafuta. Andika kwa nini.

Kuna nyakati za kuziacha kabisa. Usizitumie badala ya daktari, wala kuamua kesi, wala mkopo. Ukiwa umefiwa juzi, kaa na watu kwanza. Na kama usiku huna usingizi kwa majuma, chakula hakipiti, au unafikiria kujidhuru, tafuta mtu wa afya ya akili leo hii, daftari litangoja.

Siku utakapomfanyia mtu mwingine, kaa upande wake wa meza ili nyote muione picha ikiwa wima. Uliza tu, usitafsiri. Amevaa nini, anatazama wapi, ungekuwa wewe ungefanya nini. Ukisikia kinywa chako kinaanza "karata inasema kwamba", funga. Aandike kwa mkono wake, na karatasi aondoke nayo yeye. Ulichokisikia hapo usikipeleke kwa shoga wala kwa jirani.

Karata za kuanzia, ukiniuliza mimi: Mjinga mwenye gauni la maua pembezoni mwa jabali, Mtawa mwenye joho la kijivu na taa, Vikombe vinne, Panga sita, Sarafu tano. Zitoe kwenye seti, zichange hizo tano peke yake, na wiki ya kwanza usiguse nyingine. Kwenye Sarafu tano, angalia miguu ya yule mwanamke kwenye theluji kabla hujaangalia dirisha.