Maji ya ngama: ya mvua au ya ziwa?

Kwa mnaolala kwenye mashua hapa Mwanza: baharini nahodha akikuta maji kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, huchovya kidole akaonja. Yakiwa na chumvi, mbao zinavuja. Yasipokuwa nayo, ni mvua. Ziwa Victoria halikupi msaada huo, yote ni maji baridi, yasiyo na chumvi.

Chagua siku isiyo na mvua. Asubuhi fua maji yote (yachote uyamwage nje), kausha kwa tambara mpaka nyuma ya mataruma, mbavu za mashua (hapo ndipo wengi huchoka), halafu nyunyiza majivu makavu kwenye maungio ya mbao. Nenda kashone tanga au ubadilishe kamba zilizochakaa. Ukirudi mchana, majivu yaliyolowa yatakuonyesha. Yafuate hadi yanapoanzia juu, kwa sababu maji hutambaa kabla ya kutuama. Pakiwa pakavu kote, maji yalikuwa ya mvua: shuku sitaha, sakafu ya juu ya mashua.

Ukiipandisha mashua ufukweni kuziba, usishindilie sana pamba ya kalafati (ya kuziba maungio) kwenye mbao zilizokauka juani. Zikirudi majini huvimba na kusukumana, hata misumari hulegea. Maji ya mvua nayo usiyaache yakae: maji baridi huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi.