Makala za kale za ACM zinasomeka bure
Kama unasomea kompyuta au unashinda ofisini ukihangaika na hifadhidata, lijue jarida la Communications of the ACM. Ni la chama cha wataalamu wa kompyuta chenye makao New York, nalo limekuwa likitolewa kwa wanachama tangu 1958. Tangu 2024 linasomwa bure mtandaoni, huhitaji uanachama wala kulipia makala.

Ushauri wangu, usianze na toleo jipya. Tafuta la Juni 1970, makala ya Edgar Codd wa IBM. Kurasa 11 tu! Mle ndani kuna jedwali dogo la safu wima nne: msambazaji, kipuri, mradi, idadi. Majedwali unayoyaandikia SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kila siku yana asili yake pale. Hesabu zikikushinda, ziruke kwanza. Hoja inaeleweka bila hizo, kwamba mtumiaji asilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine. Vijana wanaoanza kazi nawapa hiyo kabla ya kozi yoyote.

Halafu nenda Februari 1978, kwa Rivest, Shamir na Adleman, usome usimbaji wa ufunguo wa wazi, yaani kuficha ujumbe kwa ufunguo unaojulikana na wote, huku wa kuufungulia ukibaki siri. Pakua PDF ukiwa kwenye wifi, bando likiisha utaendelea kusoma.