Akiba Ifungwe kwa Muda Gani Katika Amana ya Muda Maalumu

Wengi wanaoketi mbele ya ofisa wa benki pale Posta kufungua amana ya muda maalumu, yaani akiba inayofungwa kwa kipindi kilichokubaliwa ili izae riba, huanza kwa kuuliza riba hiyo, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni lini fedha hizo zitahitajika. Kwa mkazi wa Dar es Salaam tarehe nyingi zinajulikana mapema: ada na sare za Januari, na kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba huitaka ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Ziandike tarehe hizo, kisha chagua amana itakayoiva, yaani kufikia mwisho wa muda wake, wiki mbili tatu kabla ya kila moja.

Hapo ndipo riba ipimwe. Tuseme benki inatoa asilimia 8 kwa mwaka kwa amana ya miezi 6 na asilimia 9 kwa ya miezi 12. Shilingi milioni 6 zikifungwa mwaka mzima huzaa 540,000, na kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo benki huikata kwenye riba kabla ya kukulipa, ikitolewa zinabaki 486,000. Zikifungwa miezi sita, kisha zikafungwa tena pamoja na faida yake kwa kiwango kilekile, faida ya mwaka ni takriban 439,800. Tofauti ni kama shilingi 46,000, nayo ndiyo bei ya kuweza kuzigusa fedha zako katikati ya mwaka. Kwa mwenye mzazi mgonjwa kijijini, naiona ni bei ndogo. Hata hivyo, viwango vikishuka kabla ya awamu ya pili, pengo hilo litapanuka, kwa hiyo inafaa kufuatilia Riba ya Benki Kuu, kiwango elekezi cha riba nchini, ambayo Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuitumia Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5.

Asiyeweza kukata shauri azigawe: milioni mbili kwa miezi mitatu, mbili kwa sita, mbili kwa mwaka, mradi kiasi cha chini cha amana kinachokubaliwa na benki kinaruhusu. Fedha zisizoguswa kwa miaka miwili au zaidi zilinganishwe kwanza na hatifungani za Serikali, yaani dhamana za kuikopesha Serikali, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita.

Kabla ya kusaini, soma kipengele cha kuvunja amana kabla ya muda, kwa kuwa riba yote au sehemu yake huweza kupotea, na utoe maelekezo ya maandishi kuhusu siku ya kuiva. Mimi sikuyatoa, amana ikajirudia yenyewe kwa mwaka mwingine, nikaenda kukopa kodi ya nyumba kwa shemeji ilhali fedha zangu zimelala benki.