Upepo unatoka wapi? Theluji ya ziwa kwa waliohamia Buffalo, Erie na Syracuse

Ukihamia Buffalo, jimbo la New York, Marekani, kutoka Uvira, Kigoma au Mombasa, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba huku kuna theluji nyingi. Utakalochelewa kuambiwa ni kwamba theluji hiyo haigawanyiki sawa. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilifukiwa na theluji iliyofika sentimita 165 mahali pengine, na siku hizohizo watu wa kaskazini mwa mji walikuwa wanafagia sentimita chache mlangoni. Mtu wa kaskazini akichungulia dirishani anaona pamekucha vizuri, anawasha gari kuwahi zamu ya kusini, na ghafla anaingia ndani ya ukuta mweupe. Kwenye barabara kuu ya I-90 wako waliokwama garini kwa zaidi ya saa 24.

Aliyekulia Bukoba atalielewa jambo hili upesi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma, ng'ambo ya ziwa, hupata kidogo mno kuliko hapo. Upepo wa mashariki hupita juu ya Ziwa Victoria, hubeba unyevu na kuutua magharibi. Ziwa Erie na Ziwa Ontario hufanya vivyo hivyo wakati wa baridi. Novemba na Desemba maji bado yametunza joto la miezi iliyopita, na hewa kavu yenye baridi kali inateremka kutoka Kanada. Ikipita juu ya maji inapata joto na mvuke kwa chini, inapanda kwa nguvu, mvuke unaganda, na mzigo wote unamwagwa ufukweni upande wa pili. Watabiri hulinganisha joto la uso wa ziwa na la hewa iliyo kama mita 1,500 juu yake. Tofauti ikifika nyuzi 13 za Selsiasi, ziwa liko tayari kupika theluji.

Kisha wanatazama upepo, na ningekuomba nawe uutazame kuliko kitu kingine chochote. Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo imekaa kwenye ncha yake. Upepo ukifuata urefu huo, mawingu hujipanga kuwa mkanda mmoja mwembamba, mara nyingi wa kilomita 10 hadi 30, unaoweza kumwaga sentimita 7 au zaidi kwa saa moja, wakati mwingine pamoja na radi. Upepo wa kusini-magharibi huuleta mkanda katikati ya mji na kaskazini yake. Ukigeuka kidogo tu ukatoka magharibi zaidi, mkanda unashukia vitongoji vya kusini, Hamburg na Orchard Park. Ukiwa wa kaskazini-magharibi, theluji inatawanyika vilimani na upande wa Erie, Pennsylvania, ambako siku ya Krismasi ya 2017 peke yake zilianguka sentimita 86. Syracuse hupokea yake kutoka Ziwa Ontario. Ziwa hilo lina kina kirefu na ni nadra kuganda lote, kwa hiyo msimu wa huko ni mrefu. Ziwa Erie, lenye kina cha wastani wa mita 19 tu, likishaganda, kiwanda hicho cha theluji karibu kinafungwa.

Kwa hiyo jioni utabiri ukisema mtaa wako utapata sentimita 60 na asubuhi ukasema 15, usidhani umedanganywa. Upepo umegeuka nyuzi chache, na unaweza kurudi.

Fungua weather.gov, tovuti ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, andika namba ya posta ya unapoishi, kisha andika na ya unapofanya kazi. Utakutana na maneno matatu. "Watch" maana yake hali inaweza kutokea, basi nunua vitu leo. "Advisory" ni usumbufu unaohitaji tahadhari. "Warning" ni kwamba dhoruba imefika au iko mlangoni, na safari yako iwe imekwisha. Usiishie kwenye kichwa cha habari. Soma aya inayotaja maeneo na saa. Vipimo viko kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.5. Kisha fungua picha ya rada inayotembea, uone mkanda umekaa wapi na unaelekea wapi.

Dhoruba ya Desemba 2022 ilitufundisha kwa uchungu. Watabiri walitangaza siku kadhaa kabla. Amri ya kuzuia magari Buffalo ilitolewa asubuhi ya tarehe 23, wengi wakiwa wameshafika kazini. Upepo mkali ulipeperusha theluji mpaka mtu haoni mkono wake, kwa takriban saa 37. Uwanja wa ndege ulipima karibu sentimita 132. Katika kaunti ya Erie, jimbo la New York, walikufa watu 47: wengine garini, wengine nje, wengine kwenye nyumba zilizokosa umeme na joto, wengine gari la wagonjwa lilishindwa kuwafikia.

Sisi tunaolipwa kwa saa ndio tunaoshawishika kutoka. Ongea na msimamizi usiku uliotangulia, ukiwa na picha ya tangazo kwenye simu. Zamu moja unaweza kuifidia siku nyingine. Ukikwama barabarani, kaa ndani ya gari, piga 911, namba ya dharura, washa injini kwa vipindi tu, fungua dirisha kidogo, na kila mara kabla ya kuwasha hakikisha bomba la moshi halijafukiwa.

Hapo kwenye moshi nisikilize sana, ndugu yangu. Umeme ukikatika, usiingize ndani jiko la mkaa, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na nyumba za huku zimezibwa kuliko zetu za nyumbani. Hita nyingi za gesi hutoa hewa chafu kwa bomba la plastiki linalotokeza ukutani. Likifukiwa, lifukue kwanza kabla ya kufukua gari. Ukishika koleo, chota kidogo na pumzika, kwa sababu kila msimu kuna moyo unaosimama kwenye kazi hiyo.

Weka unga, maharage, maji, maziwa ya mtoto na dawa za siku nne au tano. Anayesafishwa figo apige simu kliniki mara tu anapoona "watch", aombe kusogezewa siku.

Na wapo mama na baba zetu ambao simu zao zinalia kwa Kiingereza wasichokielewa. Wanazima sauti na kuendelea kupika. Watumie ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, kwa Kiswahili chao: mtaa gani, kuanzia saa ngapi, asitoke nani, na nyumba ya nani ina joto ya kukimbilia kabla upepo haujaanza.